Machicha Mlangoni kwa Shuiying

Anayetaka kubisha na abishe mapema, kabla sijakaa vizuri. Akimaliza akawaulize kuku wa Kichochoro cha Visu, maana wao ndio waliokuwa wakifukuza vipande vya Shuiying hewani wakidhani ni vipepeo.

Shuiying alikuwa mkataji wa dawa. Mji wetu wa Huangtu, kando ya mto Gan, haulimi sana wala hauvui sana, unakata mizizi. Mizizi inashuka kutoka milimani, inalowekwa, inakatwa, inakaangwa kwa asali au kwa pombe ya mchele, halafu inakwenda madukani. Kila nyumba ina kisu na kibao. Lakini kisu cha Shuiying kilikuwa kingine. Popoo moja aliikata vipande vya kutosha kugawia harusi nzima pamoja na wapiga tarumbeta. Mzizi wa shaoyao, ule mweupe wa kutuliza tumbo linalosokota, aliukata mwembamba hata upepo ukipita vipande vinainuka kibaoni na kuelea. Siku moja alikata kikapu kizima mlango ukiwa wazi, na jirani yake akatoka nje akafungua mwavuli, akidhani theluji imewahi mwaka ule. Jirani huyo ni mimi, na mwavuli ninao.

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita kivuko kutoka ng'ambo. Mumewe Changgeng alikuwa mkaangaji wa mizizi, mwembamba kama kijiti cha kulia chakula, na alisema maneno machache hata watu wakawa wamesahau sauti yake inafananaje. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Xilian, msichana wa miaka ishirini. Mimba nyingine zote zilimponyoka Shuiying kabla hazijafika miezi ya kutambulika. Kwa hiyo Xilian alilelewa kama yai kiganjani. Mwaka ninaousimulia alikuwa amekwisha poswa na Bingsheng, kijana wa duka la dawa la akina Guo, bangili za fedha mkononi, na harusi ilikuwa baada tu ya sikukuu ya Mfalme wa Dawa.

Sasa, ni lazima ujue jinsi mji wetu unavyozungumza. Kwetu mtu hasemi "naumwa kichwa" akaachwa aende zake. Ataulizwa: jasho linakutoka au halikutoki? Unaogopa upepo? Kiu yako inataka maji ya moto au ya baridi? Homa ni moja lakini wagonjwa ni wawili: yule anayetokwa na jasho anapewa vijiti vya mdalasini na bakuli la uji wa moto juu yake; yule aliyekauka kama kuni anapewa dawa nyingine ya kumfungua vinyweleo. Ukizichanganya umemuua mtu na homa yake. Hata watoto wetu wakicheza mchezo wa mgonjwa na mganga wanaulizana rangi ya ulimi.

Na tuna desturi moja. Dawa ikishachemshwa na kunywewa, machicha yake hayatupwi jalalani. Yanamwagwa katikati ya njia, wapita njia wayakanyage na waondoke na ugonjwa kwenye nyayo zao, wakautawanye huko wanakokwenda. Ndiyo adabu. Lakini fikiri: machicha yapo njiani, na mji mzima umekua na kisu mkononi. Kila apitaye anayasoma kama uso wa mtu. Nani ana kikohozi kikavu, nani hapati choo, mume wa nani amechoka kabla ya wakati wake, yote yako chini yanatoa mvuke asubuhi. Ndiyo maana mwenye la kuficha huenda kumwaga machicha yake kichochoro cha pili, na wa kichochoro cha pili huja kumwaga kwetu, na hakuna aliyewahi kudanganyika.

Majira ya kuchipua mwaka ule, Shuiying alipata mimba. Alikuwa amepita miaka arobaini na mitano. Aliona haya mpaka masikio. Mama wa bibi harusi ananunua hariri ya shuka za binti yake, na huku mwenyewe anatapika nyuma ya pipa la maji. Akanyamaza. Hakumwambia hata Xilian. Akajifunga aproni pana zaidi, na kwa mwili wake ule, nani angejua?

Halafu siku moja akaona damu. Kidogo, lakini aliijua ile damu; ilikuwa imemtembelea mara nyingi. Akavaa kofia kubwa ya majani, akavuka mto kwenda kwa mganga wa kijiji cha ng'ambo asiyemjua mtu, akarudi na vifurushi vya dawa chini ya mboga. Akamwambia mumewe usiku kitandani, "Baba Xilian, utachemsha wewe, mimi harufu inanigeuza. Machicha ukayatupe mtoni. Umesikia? Mtoni."

Changgeng akatikisa kichwa kukubali.

Mtu huyo, na Mungu amrehemu, akasimama alfajiri ukingoni na sufuria mkononi, akayatazama maji yanavyokwenda kwa kasi, na moyo wake ukamwambia: ukimwaga dawa ya kushikilia mtoto kwenye maji yanayokimbia, mtoto naye atakwenda na maji. Njia ndiyo inayobeba ubaya. Akarudi zake, akayamwaga mbele ya mlango wake mwenyewe, katikati kabisa, kwa heshima, akayatandaza na mguu yakanyagike vizuri.

Wa kwanza kupita alikuwa Bibi Pan, muuza tofu. Akatua mzigo wake.

"Mama wee," alisema, "njooni muone. Nani anaumwa kwa Changgeng?"

Tukatoka. Mmoja akasema labda ni mgongo, maana kuna gome la duzhong, na kweli lilikuwepo. Gome lile ukilivunja linatoa nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hata likichemshwa.

"Mgongo?" Bibi Pan akachuchumaa. "Mgongo na mbegu za mlangamia? Mgongo na kimelea cha mforosadi? Na haya si majani ya pakanga? Shoga yangu, huo mgongo gani unaolala tumboni?"

Kila mtu alikwisha kuelewa. Ile ilikuwa dawa ya kushikilia mimba isitoke.

"Labda Shuiying," nikasema mimi.

"Shuiying huyu? Aliyeshindwa kubeba alipokuwa kijana, abebe sasa meno yakianza kumtoka?" Bibi Pan akainua mzigo wake begani. "Mle ndani kuna wanawake wawili. Mmoja amepita wakati wake. Mwingine ana miaka ishirini na mchumba mwenye afya. Mimi sijasema kitu. Mimi nauza tofu."

Aliuza tofu nyingi sana asubuhi ile. Kabla jua halijapanda ukutani habari ilikwisha kufika duka la akina Guo, na njiani ilikuwa imeota mikono na miguu: baba wa mtoto alikuwa mpiga filimbi, halafu askari, halafu mtawa.

Adhuhuri wakaja wanawake wawili kutoka kwa Mama Guo, mama yake Bingsheng. Mama Guo mwenyewe hakuwa mtu wa kutembea kwenye vichochoro. Alikuwa mwembamba, mkavu, shingo ndefu, na duka lote lilinyooka alipokohoa. Wanawake wale wakasimama kizingitini wakasema wametumwa bangili.

Shuiying alikuwa kibaoni. Hakuelewa kwanza. "Bangili gani?"

"Za posa. Mama Guo anasema la kuvunda halina ubani."

Hapo ndipo Shuiying alipotazama nje akaona machicha yake yamelala barabarani, yamekanyagwa na mji mzima. Akageuka akamtazama mumewe. Changgeng akatazama kikaango.

Shuiying akawaambia wale wanawake, "Mwambieni bangili ziko mkononi mwa mwanangu, mkono uko mwilini mwake, na mwili uko nyumbani kwake. Akitaka kimoja aje avichukue vyote kwa kiti cha kubebea bibi harusi. Sasa nendeni, mnanizibia mwanga."

Maneno alikuwa nayo. Lakini walipoondoka aliketi, na kisu kikabaki juu ya mzizi bila kukata.

Xilian alirudi kutoka mtoni na kikapu cha nguo, uso mweupe. Mtu alikuwa amemwekea jani la pakanga juu ya nguo zake safi. Akaliweka mezani mbele ya mama yake.

"Mama, nani anakunywa dawa humu ndani?"

Shuiying akafungua aproni. Basi. Xilian akatazama tumbo la mama yake, akalitazama tena, akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio katikati.

"Na baba ndiye aliyemwaga?"

"Baba yako aliogopa mto."

"Usiwaambie," Xilian akasema, akipangusa pua. "Watakucheka mpaka uzeeni. Watakuita chaza mzee atoaye lulu. Wataimba ukienda sokoni. Mimi nitakaa tu hapa nikate mizizi. Bingsheng amekataa kula kwao, ameniletea ujumbe kwamba haamini. Inanitosha."

"Inakutosha wewe," Shuiying alisema. "Mimi nimekuzaa uolewe na kijana asiyekula? Atakufa kabla ya harusi."

Changgeng akaja na kiti akamwekea miguu juu, akamwashiria alale. Na kweli, mganga wa ng'ambo alikuwa amemwambia asitembee ovyo. Alilala siku ile, na iliyofuata, akinywa dawa, na damu ikakoma. Siku ya Mfalme wa Dawa akaamka, akachana nywele, akavaa koti lake jekundu lisilofungika tena vifungo vya katikati, akachukua ungo, akamimina machicha mapya ya moto ndani yake, akatoka.

Siku hiyo hakuna anayekata. Mji mzima uko uwanjani mbele ya hekalu, kuna jukwaa la maigizo, kuna maandazi ya mvuke, na wafanyabiashara wa mizizi wamevaa makoti marefu. Mama Guo alikuwa kwenye ngazi za hekalu na ubani mkononi, wafanyakazi wa duka lake nyuma yake. Shuiying akapanda ngazi, ungo ukifuka moshi kama nyumba inayoungua, akautua miguuni pa Mama Guo.

"Mkwe," alisema kwa ile sauti ya kuita kivuko, "ulisikia habari za dawa mlangoni kwangu. Dawa ni yangu. Mimba ni yangu. Nina miezi minne, na kama kuna anayetaka kucheka aanze sasa, nina haraka."

Nakwambia hata waigizaji jukwaani walinyamaza, na mmoja wao alikuwa katikati ya kufa. Watu wakamtazama Shuiying. Halafu, polepole, kama kundi la bata, wote wakageuka kumtazama Changgeng, aliyesimama chini na kikapu, masikio mekundu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema mtu mmoja, na uwanja ukapasuka kwa kicheko.

Mama Guo hakucheka. Alingoja waishe. "Mama mwenye huruma hujifunika aibu ya mwanawe," alisema. "Ningekuwa wewe, ningesema hivyo hivyo. Na ningevaa koti lililobana."

Watu wakaguna, maana lilikuwa neno la akili. Shuiying akashika kiuno.

"Haya. Nyote hapa mnakata mizizi tangu meno ya utoto. Yasomeni tena, safari hii kwa kichwa, si kwa mdomo. Bibi Pan, wewe ndiwe msomaji wetu. Njoo. Mfalme wa dawa hii, kile kiungo kikuu, nani?"

Bibi Pan alitaka kurudi nyuma lakini nyuma palikuwa pamejaa watu. "Duzhong," akasema.

"Waziri wake?"

"Mbegu za mlangamia."

"Wanafanya kazi wapi hao?"

"Kiunoni. Kwenye figo."

"Figo za nani zimechoka? Za msichana anayeruka ngazi na vikapu viwili? Msichana akishika mimba, tumbo lake ni jiko. Midomo inakauka, analilia maji ya kisima, kwa hiyo anatiliwa mzizi wa njano wa kumpoza. Kuna mkunga hapa atakayebisha?" Wakunga walikuwepo, hakuna aliyebisha. "Nitafutie mzizi wa njano, Bibi Pan. Ingiza mkono, haung'ati."

Bibi Pan akachakura ungo mpaka vidole vikawa vyekundu kwa moto. "Haumo," alisema, kama anayeng'olewa jino.

"Kumo nini?"

"Pakanga. Tangawizi iliyobabuliwa."

"Za kupoza au za kupasha?"

"Za kupasha."

"Basi aliyeinywa ana baridi mifupani. Kiuno kinamuuma kama kimepigwa rungu, anaamka kila saa kwenda chooni, na miguu yake usiku ni barafu. Huyo ni msichana?"

"Miguu yake ni barafu kweli," ikasema sauti moja kutoka chini. "Ananiwekea mgongoni."

Watu walichukua muda kutambua aliyesema ni nani. Ilikuwa sauti nzuri, nene, na Changgeng aliishangaa kuliko sisi.

Nilimwona Mama Guo amekaza shingo. Alikuwa anajua dawa kuliko wengi wetu, na alijua alichokisikia ni sahihi. Lakini mtu mwenye kiburi hukunjuka polepole. "Ungo wa leo si ungo wa siku ile," alisema. "Mizizi husema inachoambiwa na aliyeipima. Mshipa wa damu ndio haudanganyi."

"Umenena," Shuiying akajibu upesi, kama aliyekuwa akilingoja neno hilo. "Mzee Xiong yuko wapi?"

Mzee Xiong, tabibu wa mji, alikuwa chini ya jukwaa anakula mbegu za tikiti. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, lakini vidole vyake vitatu vilikuwa vinasikia kuliko masikio ya watu. Husemwa aliwahi kushika mkono wa tajiri mmoja akamwambia alichokula jana na aliyemnyima.

"Atakutambua kwa sauti," alisema Mama Guo.

"Nitanyamaza."

"Huwezi."

"Hilo ni kweli," Shuiying akakubali, "lakini leo nitajaribu. Tutakaa nyuma ya pazia, mimi na mwanangu, tutoe mikono."

"Mikono miwili. Mzee atabahatisha."

"Basi utie na wako, iwe mitatu. Au unaogopa, mkwe?"

Asingekuwa ameitwa mwoga mbele ya wafanyakazi wake, angekataa. Akavunja ubani wake mikononi, akashuka ngazi.

Xilian akaja mwenyewe katikati ya umati, kichwa juu, bangili zikilia. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemzomea, wakamwachia njia. Tukashusha pazia la jukwaa, na mimi nikapewa kushika ncha moja. Wale watatu wakaketi nyuma yake. Ili mzee asijue vidole vya mkataji na vya mwenye duka, kila mkono ulivishwa soksi, ukabaki wazi kwenye kifundo tu. Mikono mitatu yenye soksi ikachungulia nje ya pazia kama bata wamejipanga kula. Nilimwona Shuiying amejitia mdomoni ncha ya shuka aliyojifunga kiunoni ili asiseme.

Mzee Xiong akapangusa vidole, akashika wa kwanza. Akasikiliza. Mji mzima ukasikiliza naye.

"Huu ni uzi wa zeze," alisema, "umekazwa mpaka unataka kukatika. Ini la mwanamke huyu limefungwa. Mbavu zinamuuma. Kooni anahisi kokwa ya plamu, akimeza hamna kitu. Asubuhi mdomo mchungu. Anafanya ugomvi ili alale, na halali." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mpeni dawa ya Kuzurura Bila Mashaka, na mtu ndani ya nyumba awe anakubaliana naye mara moja moja."

Wafanyakazi wa duka la akina Guo wakatazama ardhi, wote kwa pamoja. Kuna aliyepiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Akahamia wa pili. Vidole vikatua, vikainuka, vikatua tena. Uso wake ukafunguka.

"Lulu," alisema. "Lulu kwenye sahani ya kauri, zinabingirika, zinafukuzana. Miezi minne. Huyu si kijana, mshipa wa chini una baridi, lakini ana nguvu za punda jike." Akainamisha sikio. "Ngoja. Ngoja kidogo. Sahani ni moja, lulu ni za wawili."

Mimi niliyeshika pazia nilizisikia kwa masikio yangu, ta-ta-ta, kama mtu anamwaga mbaazi. Lakini uwanja haukujua mkono ni wa nani. Nilimwona Bingsheng, aliyekuwa amesimama karibu na ngoma, ameshika mti wa ngoma mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Mzee akashika wa tatu. Huo alikaa nao kwa muda mfupi, na kwa upole.

"Mwembamba, lakini msafi kama uzi mpya. Hajui mwanamume. Hajala vizuri wala kulala kwa siku kadhaa. Wengu umechoka kwa mawazo. Huyu haumwi na kitu ila midomo ya watu. Mpikieni uji wa tende nyekundu, na muwe na haya."

Pazia lile lilikuwa zito. Mikono yangu ilichoka, likaanguka lenyewe. Ndivyo nilivyowaambia siku ile, na sijabadilisha.

Wakaonekana wamekaa kwenye benchi. Wa kwanza, shingo ndefu, soksi mkononi, Mama Guo. Wa pili, koti jekundu, shuka mdomoni, Shuiying. Wa tatu, Xilian.

Kelele iliyotoka pale iliangusha vigae viwili vya hekalu, na kimoja kilimpata mfanyabiashara wa tangawizi ambaye alistahili. Wapiga ngoma wakapiga bila kuambiwa. Bingsheng akakimbilia kibanda cha maandazi akala manne mfululizo amesimama, machozi yanamtoka, na mwuzaji akakataa kupokea chochote. Bibi Pan alisema aliyajua haya tangu mwanzo.

Shuiying akatoa shuka mdomoni, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Alimtazama tu Mama Guo.

Mama Guo alivua soksi taratibu, kidogo kidogo. Akaikunja. Watu wakasogea wamsikie.

"Mzee Xiong," alisema, "hiyo dawa ya kuzurura, inanywewa kabla ya chakula au baada?"

"Baada," akasema mzee. "Kwa subira."

"Subira sina," akasema Mama Guo. "Nitaanza na chakula." Akamgeukia Xilian, akainama, si sana, lakini sote tuliona. Shingo ile ilikuwa haijawahi kwenda upande huo.

Kwetu, aliyemchafulia mtu jina humsafishia mlangoni, mchana, watu wakiona: atundike kitambaa chekundu juu ya mlango na alipue fataki. Wengi hutuma mtumishi. Asubuhi iliyofuata Mama Guo alikuja mwenyewe, kwa miguu, kichochoro kizima, kitambaa mkononi, na sisi tulikuwa tumeketi vizingitini tangu alfajiri kwa visingizio mbalimbali. Mimi nilikuwa nachambua mchele usio na mawe.

"Mkwe," alisema mlangoni, "nimekuja kutundika."

"Ngazi iko uani," akajibu Shuiying kutoka kitini, miguu juu. "Lakini mjamzito hapandi ngazi."

"Changgeng je?"

"Anachemsha dawa yangu."

Basi mwenye duka la akina Guo akapanda ngazi kwa miguu yake, misumari mdomoni, na Shuiying akimwelekeza kutoka chini: kulia kidogo, umezidi, rudi kushoto, si hivyo, mkwe, unatundika au unapima ukuta? Nadhani wote wawili waliipenda saa ile. Fataki zilipolia, Mama Guo alikuwa bado juu, na tulimsikia anacheka, kicheko chenye kutu, kama mlango wa ghala.

Mapacha walikuja majira ya baridi, wa kike na wa kiume, na wote wawili wamekua wabishi. Hayo ni mambo ya mkunga. Mimi nataka kukwambia habari za harusi, maana nilibeba sinia la zawadi.

Siku ya kumtoa binti, mama hana budi kulia. Ni desturi, analia kwa maneno, anamwimbia binti uchungu wa kuachana, na jirani wanapima mapenzi kwa urefu wa kilio. Mama asipolia watu husema nyumba imechoka na mtoto. Shuiying alijua kulia. Alikuwa amefanya mazoezi, nilimsikia kupitia ukuta. Lakini Xilian alipotoka na kitambaa chekundu usoni, na kiti cha harusi kikiwa mlangoni, na Mama Guo amekuja nacho mwenyewe ingawa si kawaida, Shuiying akafungua mdomo aanze na kikatoka kicheko.

Tukamfinya. Akacheka zaidi. Nikamfinya mimi, kwa kucha, mahali panapouma. Akasema, "Acheni, wanawake, nitazaa hapa hapa," na akacheka mpaka akashikilia mlango, tumbo linaruka, machozi yanamwagika. Ndani ya kiti Xilian alimsikia mama yake, naye akaanza. Wabebaji wakasema kiti kinatikisika, hawawezi kushika hatua. Mama Guo akawaambia watembee hivyo hivyo.

Wakakatiza katikati ya soko, mbele ya kibanda cha tofu, tarumbeta zikilia, bibi harusi akicheka kwa sauti chini ya kitambaa chekundu, na mji mzima ukasimama kumpisha.